Kwa nini Wachina hukwepa maji ya barafu wakati wa joto

Ndugu, umeuliza kwa nini Wachina hunywa maji ya vuguvugu hata jua likiwaka. Katika tiba yao ya jadi, majira ya joto huhusishwa na asili ya moto na kiungo cha moyo, na baridi ya ghafla huaminika kudhoofisha wengu na tumbo. Ndiyo maana hujipoza kwa vyakula: tikiti maji, matango, na hasa supu ya choroko. Choroko hizihizi zetu! Zichemshe kwa maji mengi, kisha unywe yale maji yake. Mimi nayapenda bila sukari. Joto kali zaidi, wanaloliita sanfu, huanza katikati ya Julai na kuendelea hadi Agosti. Lakini mtu akizimia kwa joto, usihangaike na choroko: mpeleke kivulini, mmwagie maji baridi, mkimbize hospitali.