Kiungo «de» katika Kichina: anza na nomino iliyo mwisho

Anayeanza Kichina huambiwa mapema kwamba kiungo de (的) ndicho a-unganifu yetu (ile -a ya «cha», «wa» na «ya»), naye huridhika, kwa kuwa wǒ de shū ni kitabu changu na lǎoshī de shū ni kitabu cha mwalimu. Nami nilianza hivyo, na kwa miezi kadhaa niliandika shū de lǎoshī nikikusudia kitabu cha mwalimu, kumbe nimeandika mwalimu wa kitabu. Kiswahili hutanguliza nomino na maelezo yakafuata. Kichina huanza na maelezo yote, na nomino huja mwisho, baada ya de. Kwa hiyo, ukikutana na de, tafuta kwanza nomino inayoifuata, halafu urudi kusoma yaliyotangulia.

Faida ya usomaji huo huonekana zaidi katika virejeshi. Wǒ zuótiān mǎi de shū, neno kwa neno, ni «mimi jana nunua de kitabu», yaani kitabu nilichonunua jana. Kazi tunayoigawa baina ya a-unganifu, amba- na o-rejeshi, Wachina wameibebesha silabi moja isiyo na toni (kiwango cha sauti) yake, isiyofuata ngeli wala wingi. Tumia muda mwingi hapa kuliko penginepo: kila siku chukua sentensi chache za Kiswahili zenye «niliyemwona» au «tulichokula», uzigeuze, na uzitamke kwa sauti mpaka ulimi uzoee kungoja nomino.

Nomino ikieleweka huachwa: hóng de ni chekundu, na mài cài de ni muuza mboga, ingawa si adabu kumwita mtu hivyo mbele yake.

Ugumu uliobaki ni kujua pa kuiacha de yenyewe. Mama yangu kwa kawaida ni wǒ māma, na shule yetu ni wǒmen xuéxiào, kwa sababu jamaa na taasisi za mtu huhesabiwa kuwa karibu naye. Meza ya mbao ni mùtou zhuōzi. Kitabu kizuri ni hǎo shū, lakini kizuri sana ni hěn hǎo de shū. Wakati mwingine maana hubadilika kabisa: Zhōngguó péngyou ni rafiki Mchina, ilhali Zhōngguó de péngyou ni rafiki wa nchi ya China, naye aweza kuwa Mtanzania.