Bikira Maria ikulu kwa Akbar? Ndio, alikuwepo

Mdau unayeuliza Akbar, mfalme Mwislamu wa India, aliruhusuje picha za Yesu na Maria ikulu kwake, kumbuka Isa na Maryamu wapo kwenye Qurani, sio wageni hao. Mapadre Wajesuiti (shirika la Kikatoliki) walifika Fatehpur Sikri, mji mkuu wa Akbar, 1580 na Biblia kubwa iliyochapwa Antwerp, wachoraji wakaanza kukopi picha za Kizungu, na sio Waislamu tu, Kesu Das alikuwa Mhindu na yumo. Mchoraji Abu'l Hasan ndo noma, 1600 ni dogo wa miaka 12 au 13 hivi, kachukua picha ya Mjerumani Dürer ya Yesu msalabani akamchomoa mwanafunzi wake Yohana peke yake, mikono kaifumbata kwa huzuni, msalaba wenyewe kauacha!

Alafu kwa Jahangir, mwana wa Akbar aliyemrithi, mambo yakageuka kabisa, ule mduara wa nuru wa watakatifu ukahamia kichwani kwake mwenyewe, na kwenye picha moja ya mchoraji wake Bichitr vile vimalaika vya kanisani vinaandika kwenye saa ya mchanga vikimwombea atawale miaka elfu. Hiyo ni siasa bana, kwa dini wameazima nguo tu.