Mtaalamu wa Mbawakawa Hapulizii Mende

Mwanafunzi wa kilimo ameniandikia kutoka Morogoro akiuliza: taaluma ya kuwachunguza mbawakawa iitwe "koleopterolojia" au "elimu ya mende"?

Jina la kwanza lina asili iliyo wazi. Aristotle aliwaita wadudu hawa kwa neno la Kigiriki lililounganisha ala ya upanga na bawa, kwa kuwa mabawa yao ya mbele ni magumu na huyafunika yale laini ya kurukia. Ni zito mdomoni, lakini halimpotoshi mtu.

Linalonipandisha mori ni hilo la pili. Mende, ambaye wengine humwita kombamwiko, ni yule anayekimbilia nyuma ya kabati taa inapowashwa, na kwa nasaba ni jamaa ya mchwa. Mtoto wake huanguliwa akiwa mende kamili, ila mdogo na asiye na mabawa, ilhali mbawakawa huanza kuwa buu, kisha bundo, ndipo akomae.

Mtazame dumuzi, mbawakawa mwenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati, aliyeripotiwa mkoani Tabora mapema katika miaka ya 1980 na ambaye wakulima walimbandika jina la Scania. Ukimwita "mende wa mahindi", mwenye ghala atanunua dawa ya jikoni na kupulizia pembe zote za nyumba, huku dumuzi akiendelea kubungua ndani ya punje, salama salimini. Mwaka 1992 Kenya ilimwachilia mbawakawa mwingine, mwindaji, ili amle dumuzi. Je, naye ni mende? Bwana shamba atakayetangaza kwamba ameleta mende wawale mende atafukuzwa kwa ufagio, na mimi sitamtetea. Na kimulimuli, ambaye pia ni mbawakawa, tumwite mende mwenye taa?

Spishi za mbawakawa zilizokwisha kuelezwa na wanasayansi ni takriban 400,000, na Kiswahili hakikukaa kimya mbele yao: kina dundu, kifukusi, dumuzi, kimulimuli na kifaurongo, yule anayejifanya maiti akiguswa. Anayewarundika wote hao katika "mende" hana upungufu wa msamiati wa lugha. Ana uvivu wake mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu mwanafunzi, andika "elimu ya mbawakawa". "Koleopterolojia" ibaki katika majarida ya wataalamu, nami nitaivumilia kama ninavyozivumilia "-lojia" nyingine. "Elimu ya mende" waachiwe wanaochunguza mende.