Jedwali limejaa, hatua ya mwisho imegoma

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: fumbo la Listener, lile fumbo gumu la maneno la Jumamosi kwenye gazeti la The Times la Uingereza, umelijaza lote, herufi za ziada kwenye vidokezo, zile zinazounda ujumbe, umezisoma, ila hatua ya mwisho, pale wanapotaka upake rangi visanduku 14 vyenye kitu kilichofichwa, huoni chochote.

Anza na hiyo 14. Mtunzi haiweki bure. Jedwali lako ni 12 kwa 12, kwa hiyo mshazari wa kona hadi kona una visanduku 12 tu, haufiki. Tafuta maneno mawili yanayofikisha 14, njia inayopinda, au umbo.

Halafu kagua visanduku visivyokatizwa, vile vyenye jibu la upande mmoja pekee. Hapo ndipo nilipoumia mimi. Maneno mawili yalikubali kidokezo kimoja kwenye kamusi ya Chambers, nikachagua lisilo lenyewe, na herufi hiyo moja ikalikata katikati jina nililolitafuta wiki nzima. Kila jibu uliloliweka kwa kubahatisha, lihakiki upya kabla hujatafuta kitu kingine.

Ujumbe wa herufi za ziada nao usome polepole. Ukitaja mtu, pengine kinachotakiwa ni kazi yake au mwenzake, si jina lake.

Mimi pia hunakili jedwali kwenye karatasi safi, bila namba wala mistari minene. Jicho huona upya kabisa.

Sijaliona jedwali lako, hivyo siwezi kusema ni lipi kati ya haya. Tuandikie ujumbe ulioupata, lakini majibu yenyewe usiyaweke mpaka muda wa kuyatuma uishe.