Kabla hujanunua GPS ya pikipiki, itoe kwanza ile simu ya zamani kabatini

Mkuu nimeona swali lako, una pikipiki ya cc 150 unataka kutoka Mwanza mpaka Bukoba ufike Mtukula, ukirudi upumzike kidogo alafu uende Arusha, na unauliza ununue GPS gani au simu inatosha. Wadau wameshakutajia mashine za kila aina. Mimi natembelea Boxer 150, mwaka wa sita huu, vumbi la kanda ya ziwa nimelila vya kutosha, kwaiyo ngoja niandike kirefu, mwenye haraka aruke.

Simu inatosha. Ila sio hiyo unayopigia. Kila nyumba ina simu ya zamani imelala kabatini, kioo kina mkwaruzo, kamera haifai, betri bado inajitahidi. Hiyo ndo GPS yako. Haihitaji laini wala bando, maana hapa kuna watu bado wanaamini GPS inakula bando. Haili. Simu inasikiliza tu setilaiti, na sio zile za Wamarekani peke yake, simu nyingi za miaka hii zinashika pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, ikipata nne inajua ilipo, tatu za kupima umbali na ya nne ya kunyoosha saa. Bando linaliwa na ramani, yani ile picha inayochorwa chini ya mshale. Kwaiyo pakua ramani ya Tanzania nzima ukiwa kwenye waifai, maliza. App za OsmAnd na Organic Maps zote zinatumia ramani ya OpenStreetMap inayochorwa na watu wa kujitolea, na huku vijijini saa ingine ina vichochoro ambavyo Google haina. Google nayo inakubali kupakua kipande kwa kipande, naiweka kwa ajili ya kutafuta gesti na sheli.

Kwanini nakwambia ya zamani? Nilifunga simu yangu nzuri kwenye usukani, nimetoka Nyegezi asubuhi, nakuja kugundua siku ya tatu kamera imeanza kutetemeka kama mtu mwenye homa, ukipiga picha jiwe la Bismarck linatoka mawili. Nilifikiri ni bahati mbaya yangu. Kumbe Apple wenyewe walishaandika 2021 kwamba mtetemo wa injini za pikipiki ukizidi unaweza kuharibu kamera zenye kile kimashine cha kutuliza mkono. Tangu hapo simu nzuri inakaa mfuko wa ndani wa jaketi, ya zamani ndo inapigwa jua. Na jua nalo usilidharau, saa saba mchana simu iliyofungwa kwenye kile kipochi cha plastiki cha kuzuia mvua inachemka mpaka inajizima. Mi nilitupa kipochi. Kishikio cha chuma, juu yake kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kimekatwa kimezungushwa mara mbili, mvua ikija naivua naiweka mfukoni nafuata masikio, spika moja ya bluetuthi sikio la kushoto, la kulia linabaki kwa ajili ya mabasi.

Sasa tuje kwenye kilichonifanya niandike. Shida ya kupotea huku kwetu haiko kwenye kifaa. Kifaa cha laki moja na kifaa cha milioni vyote vitakupeleka sehemu moja mbaya kama hujaipanga njia mwenyewe.

Kuna mwaka nilikua natoka Shinyanga naenda Magu, Aprili, masika imechachamaa. Hungumalwa nikakata kulia kuelekea Ngudu, mpaka hapo safi. Nyuma ya Ngudu kifaa kikaniambia kata hapa utaokoa kilometa kadhaa, nilikua nimekiacha kwenye njia fupi zaidi, nikakata. Kilometa mbili za kwanza mchanga, raha. Alafu ardhi ikabadilika rangi ikawa nyeusi. Wasukuma mnajua naongelea nini. Udongo wa mbuga, huo mweusi, ukilowa hautelezi tu, unapanda. Unashika tairi, unaingia kati ya tairi na madigadi, unajaa, gurudumu la mbele linagoma kuzunguka kabisa, unaburuza pikipiki kama ng'ombe aliyegoma mnadani. Nikashuka, nikachokonoa na kijiti, nikaenda mita ishirini, ikajaa tena. Mwisho nikatoa spana namba 10 nikavua madigadi ya mbele yote nikaifunga nyuma juu ya begi.

Niko hapo nimepaka tope mpaka kwenye kope, mzee mmoja akatokea na ng'ombe wake, tukasalimiana Kisukuma.

"Mwadila."

"Mwadila baba."

"Ng'wanawane, hiyo pikipiki inaenda wapi huku?"

Nikamwambia Magu, nikamwonyesha na simu, ule mstari wa bluu umenyooka safi kabisa mpaka Magu. Akaitazama muda mrefu kidogo, akanirudishia.

"Huyu aliyekuleta hajawahi kulima."

Akanielekeza nirudi mpaka kwenye mwembe, nishike kushoto, njia inayopita juu kwenye luseni, ule udongo wa mchanga, itazunguka lakini itafika. Ikafika. Giza limeingia lakini ikafika.

Kuanzia siku hiyo mambo mawili. La kwanza, ile sehemu ya "njia fupi" nimeizima na sijawahi kuiwasha tena. La pili, kabla ya safari naangalia njia ya vumbi kwenye picha ya setilaiti, sio kwenye mchoro. Mbuga inaonekana ukishaizoea, ardhi ni kijivu cheusi na njia imetanuka magari yamehangaika kulia na kushoto kukwepa, luseni ni nyeupe nyeupe na njia ni moja. Kiangazi pitia popote. Masika na vuli ukiona weusi kwenye picha, zunguka.

Alafu ujifunze tofauti ya ruti na traki, hii watu wengi wanachanganya alafu wanalaumu mashine. Ruti ni pointi chache ulizoweka, katikati yake mashine inajichagulia yenyewe, na ukitumiwa faili la GPX, yani faili la kubebea njia na pointi, lenye ruti, simu yako inaweza kuchagua tofauti na ya aliyekutumia. Traki ni nyayo za mtu aliyepita kweli, haibadiliki, haikwambii kata kushoto ila inakuonyesha mtu alikanyaga wapi. Lami tumia ruti. Porini omba traki.

Na pointi usizimwage kila kijiji, weka pale ambapo njia inaamuliwa. Kwa safari yako ya Bukoba pointi ya kwanza ni Usagara. Hapo unaacha barabara ya Shinyanga unashika kulia kwenda Kigongo. Usipoiweka kuna ramani zitakung'ang'aniza kivuko cha Kamanga pale mjini, ambacho sio kibaya, kwa anayependa upepo wa ziwa na kusubiri foleni, lakini sasa hivi tuna daraja. Daraja la Kigongo-Busisi lilizinduliwa Juni 2025, kama kilometa tatu juu ya maji, na hapa ndo utajua umuhimu wa kupakua ramani upya. Mimi nilipita wiki za mwanzo na ramani ya mwaka uliopita, nipo juu ya zege safi, upepo unanisukuma pembeni, nikitazama simu mshale wangu unaogelea katikati ya bluu na sauti sikioni inaniambia panda kivuko. Nilicheka peke yangu ndani ya helmeti.

Ukishavuka ni Sengerema, Geita, Katoro. Mbele ya hapo lazima uamue, kuna lami ya kupita Chato, Buzirayombo unatokea Kyamyorwa alafu Muleba, na kuna ya kushuka Biharamulo. Mashine inabadilisha mawazo kati ya hizo mbili kutegemea dakika, ndo maana Buzirayombo uiweke kama pointi ya lazima kama unataka ya Chato. Zote zina mapori marefu, zamani mabasi yalikua yanapita pori la Biharamulo kwa kusindikizwa na polisi, siku hizi hali nyingine lakini bado mi sipiti huko usiku, pikipiki ndogo taa yake haioni mbali na wanyama hawana endiketa. Bukoba kwenda Mtukula unapita Kyaka, simama hata dakika tano uangalie mto Kagera, daraja la pale ndo lililolipuliwa na majeshi ya Amin 1978. Ramani haikwambii hayo.

Mafuta: Boxer tenki lita 11, kwa mzigo nahesabu kilometa 300 tu, ya juu ya hapo naiona ni ya dharura. Kila sheli niliyojaza naiwekea pointi. Ya chupa za barabarani yapo kila mahali lakini kabureta yako itakuuliza.

Arusha sasa. Hapa nakuomba usikilize. Ukiandika Mwanza kwenda Arusha kuna ramani itakupitisha Lamadi, geti la Ndabaka, katikati ya Serengeti utokee Ngorongoro, na kwa macho ni njia tamu kweli. Pikipiki haziruhusiwi ndani ya hifadhi ya Serengeti. Sio suala la kulipia, haziingii. Namjua kijana alifika getini saa nne asubuhi na mabegi yake yote akarudishwa, siku ikaishia Shinyanga. Njia yako ni Shinyanga, Nzega, Igunga, Singida, Katesh, Babati, Arusha. Weka Nzega na Singida kama pointi za lazima, mashine itanyamaza.

Ukerewe ukiamua kuchepukia kupitia Bunda na Kisorya, muda inaokuandikia simu usiuamini, haijui kivuko cha Rugezi kinaondoka saa ngapi. Uliza siku moja kabla.

Kuhusu kununua mashine yenyewe, sikatai. Garmin Zumo XT2 ilitoka 2023 kwa karibu dola 600 za kule Marekani, skrini inaonekana juani, unagusa ukiwa na glovu, inakubali mvua, na unaweza kuwekea ramani za Tracks4Africa ambazo zimechorwa na wasafiri wa Afrika wenyewe. Ukienda Sudani na Ethiopia nitakwambia nunua. Kwa Bukoba hizo hela weka tairi la nyuma na jaketi la maana. Kama roho inataka kabisa kifaa cha GPS tafuta eTrex ya Garmin iliyotumika, ina skrini ndogo lakini inakula betri mbili za AA ambazo hata duka la kijijini zipo, na mtetemo haiogopi.

Chaji: mwambie fundi atoe waya betrini moja kwa moja, fyuzi iwe karibu na betri sio karibu na chaja, alafu apitishe kwenye relei inayowaka na kuzima na switchi ya pikipiki, usije ukalala Geita ukaamka na betri tupu. Fundi wangu wa kwanza aliunga kwenye waya wa honi. Nilikua nikipiga honi simu inazima.

Faili langu la GPX la mpaka Mtukula nitakutumia Jumamosi, kuna pointi kama sitini. Zile zilizoandikwa MBUGA usiziguse mpaka kiangazi, na ile ya sheli kabla ya Muleba isogeze mbele kidogo, niliiweka nikiwa nakimbia mvua ikaangukia kwenye shamba la migomba la watu.