Jibu: Walowezi wakiondoka, amani inakuja?

Mkuu, umeuliza kama kuwaondoa walowezi wa Kiisraeli kwenye ardhi iliyotekwa vitani kunaleta amani. Israel imeshajaribu mara mbili. Yamit, mji wa walowezi kule Sinai (ardhi ya Misri), Aprili 1982, waliogoma kuondoka walipanda juu ya mapaa, wanajeshi wakawamwagia povu na kuwashusha, kisha matingatinga yakausawazisha mji mzima. Ilikuwa chungu, ila nyuma yake kulikuwa na mkataba wa 1979 na Misri, na tangu hapo nchi hizo hazijapigana vita. Mimi naona siri ni hiyo saini. Gaza 2005, Waziri Mkuu Sharon aliondoa walowezi kama 8,000 kwa uamuzi wa upande mmoja, bila mkataba. Anga na bahari vikabaki mikononi mwa Israel, na Ukingo wa Magharibi, eneo jingine la Wapalestina, ujenzi wa makazi ya walowezi ukaendelea kama kawaida. Mwaka 2007 Hamas, kundi la Kipalestina lenye silaha, ikaitwaa Gaza kwa bunduki.