Mlango "usioungua" kwa dakika 60?

SWALI: Natafsiri kijitabu cha muuzaji wa milango na madirisha. Niliandika: "Mlango uliothibitishwa, usioungua moto kwa dakika 60. Dirisha lenye ithibati na kioo kisichovunjika." Mhariri amekata "usioungua", "ithibati" na "kisichovunjika". Kosa langu ni lipi? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Kisarufi hujakosea popote. Shida iko kwenye kile kikanushi "-si-" ulichokipachika ndani ya kitenzi. Ukisema "mtu asiyelewa", msikilizaji haulizi mpaka saa ngapi. Ukija kumwongezea "mpaka saa nne usiku", atacheka. "Usioungua kwa dakika 60" inachekesha vivyo hivyo.

Na mlango wenyewe huungua. Mlango wa mbao wa aina hii ukipelekwa kupimwa, hufungwa kwenye mdomo wa tanuri pamoja na fremu yake, kisha joto hupandishwa kwa mwendo uliopangwa: dakika ya 30 tanuri limefika nyuzi 842 hivi za Selsiasi, dakika ya 60 nyuzi 945. Upande wa ndani mbao zinageuka makaa. Wapimaji wako upande wa nje, na mmoja wao ana kipande cha pamba anachokisogeza kwenye upenyo kati ya mlango na fremu. Pamba ikiwaka, mlango umeshindwa. Kwa milango inayotakiwa kuzuia joto pia, hupimwa uso wa nje: kwa wastani usipande zaidi ya nyuzi 140 juu ya ulivyoanza.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kulieleza hilo, ila tusiyachanganye. Mkate huungua bila kushika moto. Nyumba ikishika moto, zimamoto wakiwahi, haiteketei. Mlango wetu, basi, unaungua upande mmoja, upande wa pili haushiki moto, na hauteketei mpaka muda uliotajwa upite. Kitenzi kinachobeba yote hayo ni "kuhimili". Anayehimili mzigo anajulikana kuwa atafika mahali achoke, kwa hiyo dakika 60 zinakaa vizuri pembeni yake: "unaohimili moto kwa dakika 60".

Kama jina la kitu, "mlango wa kuzuia moto" linatosha. "Mlango wa moto" sikushauri. Kwenye ngazi za jengo moja la ofisi nililikuta limeandikwa hivyo kwa herufi nyekundu, na mlango umeachwa wazi, umeegemezwa kwa mtungi wa kuzimia moto! Nikamuuliza mlinzi. Akasema ndio wa kukimbilia moto ukitokea, hivyo hawaufungi. Alichokuwa akikieleza ni mlango wa dharura, ambao sharti ufunguke kwa urahisi. Wa kuzuia moto ukiachwa wazi hauzuii chochote. Maandishi yale ndiyo yaliyompotosha, simlaumu.

Kioo nacho ni hivyo hivyo. Kioo cha tempa, yaani kilichoimarishwa kwa joto, huvunjika. Sifa yake ni kwamba kikivunjika hutawanyika vipande vidogo-vidogo visivyo na makali sana, badala ya vigae virefu vya kukata mishipa. Andika "kioo cha usalama", ueleze kinavyovunjika. Mteja wako akikipiga nyundo baada ya kusoma "kisichovunjika", kesi atashinda yeye.

Sasa "ithibati". Ni ndugu wa "thibitisha", ila maofisini zimegawana kazi. Nchini Tanzania ithibati hupewa taasisi kwa kuthibitika kwamba inaiweza kazi yake: chuo kikuu hupata ithibati kutoka TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na maabara ya vipimo vilevile huwa na ithibati yake. Dirisha halipimi kitu. Dirisha hupimwa, likapata cheti, na mwenye kiwanda akapewa leseni ya kutumia alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango. Kusema dirisha lina ithibati ni sawa na kusema mwanafunzi amesajiliwa kuwa shule.

"Uliothibitishwa" mhariri amekuachia, lakini peke yake linaning'inia. Umethibitishwa nini? Liunganishe na kitenzi kinachofuata: "uliothibitishwa kuhimili". Na kama kilichopo mkononi ni ripoti ya kipimo kimoja tu, andika "uliopimwa". Kipimo huhusu sampuli iliyoingia tanurini siku ile. Cheti humaanisha pia kwamba kiwanda kinaendelea kukaguliwa.

Kuna neno ambalo ninyi nyote wawili mmelipita: "mlango". Kwetu ni tundu la kupitia na ni ubao wa kuliziba tundu hilo. Mafundi wa Dar es Salaam wamelitatua zamani, wanasema fremu na topu. Cheti cha moto huhusu seti nzima, hata bawaba na kitasa. Anayenunua topu yenye cheti akaipachika kwenye fremu ya fundi wa mtaani hana tena mlango uliopimwa. Ningeandika hivi:

"Mlango uliothibitishwa kuhimili moto kwa dakika 60, ukifungwa pamoja na fremu, bawaba na kitasa chake."

Mhariri huenda akakwambia "ukifungwa" lina maana mbili, ya fundi na ya mpitaji. Mwambie aliache. Mlango huu unazihitaji zote mbili.